Dakika Kumi za Pampu

Siku ambayo shemeji yake hakurudi kutoka kwenye moto, fundi wa kituo cha zimamoto ndiye aliyetumwa kwa dada yake. Mkuu wa kituo alisema habari ya namna ile haipelekwi na mgeni.

"Paa la ghala lilimwangukia," fundi alisema, akaishia hapo. Dada akaketi sakafuni, viatu vya mumewe mapajani.

Kweli paa lilimwangukia. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kukatika mpirani, yeye yumo ndani, dakika ya kumi na saba tangu pampu ya gari iwashwe.

Gari lenyewe la zimamoto lilikuwa mtumba, kituo kililinunua miezi mitatu nyuma. Fundi na shemeji yake ndio waliokwenda kulikagua.

"Shemeji, bibi harusi huyu!" shemeji alicheka, akiipapasa rangi nyekundu.

"Bibi harusi hufunuliwa shela kwanza."

Kanuni fundi aliijua: pampu iendeshwe nusu saa mfululizo kwa nguvu zote, ipate moto, ndipo uione ilivyo. Dakika kumi ilirusha maji juu ya mapaa. Muuzaji akatazama saa. Shemeji alishakalia usukani, anapiga honi kama mtoto. Fundi akazima. Kwenye fomu akaandika: nusu saa.

Wiki ya tatu ya msiba, dada alimwita jikoni.

"Kaka, wenzake wanasema maji yalikatika. Si uliniambia gari ni zima?"

Angeweza kusema chuma kimezeeka. Muuzaji hakuiona fomu; aliyejua ukweli ni marehemu peke yake. Fundi akapiga moyo konde.

"Pampu niliijaribu dakika kumi. Nikaandika nusu saa."

Dada aliendelea kumenya kitunguu mpaka kikamwishia mkononi.

"Naye alikuwepo?"

"Alikuwepo. Lakini fundi ni mimi."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi toka nyumbani kwangu ukawaambie. Waume za watu wanalipanda gari lile hata leo."

Alikwenda kituoni kwa miguu, akaeleza yote. Mkuu aliisoma fomu, akavua miwani.

"Bwana wee, si ungenyamaza tu? Gari lenyewe ndilo hilo moja."

"Naomba ufunguo, mkuu."

Sasa gari limeegeshwa nyuma ya kituo, betri imetolewa. Moto ukizuka, hupigwa simu mji wa jirani, na gari lao huchukua dakika arobaini kufika.