Kimeo cha Anania

Kabla ya kumchukia mtu, Chantal alianza kwa kuichukia baiskeli.

Ilikuwa baiskeli nyekundu ya wifi yake, Immakulata, aliyopewa siku alipomaliza mafunzo ya uhudumu wa afya pale Kasulu mjini. Kila kengele yake ilipolia kwenye njia ya shamba la mihogo, Anania, mtoto wa Chantal wa miaka mitatu, aliacha chochote alichoshika, akatoka mbio bila suruali akiita, "Masenge! Masenge!" Ndivyo watoto wa Kagerankanda wanavyomwita shangazi, dada wa baba.

"Mimi hanikimbilii hivyo," Chantal alijisemea moyoni, akipepeta maharage. Kweli, nani anamkimbilia mtu anayelala naye na kuamka naye? Lakini nenda kamwambie hivyo mwenye wivu uone kama atakusikia.

Immakulata alikuwa ameolewa Manyovu, akakaa miaka sita bila kupata mtoto, mwisho akarudi kwa kaka yake na begi moja na godoro. Nduwayezu, mume wa Chantal, akamjengea chumba nyuma ya nyumba. Mwanzoni Chantal alimwonea huruma, akampa na sufuria. Huruma hiyo ilikwisha siku alipomkuta Anania chumbani kwa shangazi yake anamaliza bakuli la ugali na maharage, yeye ambaye mchana huo kwa mama yake alikuwa amefunga mdomo kama mlango wa kanisa siku ya Jumatatu.

"Wifi, huyu mtoto wako anakula!" Immakulata alisema kwa furaha.

Chantal alicheka kwa meno tu. Alichosikia yeye ni kwamba kwangu anakula, kwako hali.

Na mume naye hakusaidia. Dada kasema maji yachemshwe. Dada kasema chandarua kisiwe nguo ya kufunikia vifaranga. Dada kasema choo kiwe na mfuniko. "Na mimi uliyenioa nimesema nini?" Chantal aliuliza siku moja. Nduwayezu akavaa gambuti, akaenda shamba la mbali ambako hulala wiki nzima.

Jumapili moja baada ya ibada Immakulata alisimama kwenye baraza la kanisa na kizibao chake cha kazi, akafundisha kina mama. Alikuwa na picha kubwa. Alisema vidudu vinavyotuambukiza magonjwa havionekani kwa macho, na vimegawanyika makundi. Kuna bakteria: kimoja kinajigawa kuwa viwili, viwili vinne, hadi kufika jioni ni kijiji kizima, na vingine vinamwaga sumu mwilini. Kuna virusi, vidogo kuliko hivyo, ambavyo haviwezi kuzaliana peke yavyo. Vinapenya ndani ya chembe hai ya mwili wako, vinaigeuza kiwanda cha kutengeneza virusi vingine, kama surua na mafua. Kuna fangasi, ndugu zake uyoga, wapenda unyevunyevu, ndio hao mapunye ya vichwani. Halafu kuna vimelea, kama vya malaria vinavyopanda mbu kama watu wanavyopanda bodaboda, na minyoo. Hao wanaingia kwako, wanakula kwako, wanazaa kwako.

"Kumbe kama shemeji aliyekuja kusalimia!" mama mmoja akadakia, na baraza zima likacheka.

"Au wifi," Chantal alisema kwa sauti ya chini, ila si ya chini sana. "Mimi kimelea changu nakijua hadi jina."

Immakulata alikuwa amesikia. Alikunja picha yake taratibu, akasema wiki ijayo watazungumzia kunawa mikono.

Wiki hiyo Chantal aliamka na koo linauma. Kumeza mate ilikuwa shida. Dawa ilikuwa hatua thelathini nyuma ya nyumba, kwa kuwa Immakulata angemwangalia na kumwandikia aende zahanati, lakini angekufa kwanza kabla ya kwenda kufungua mdomo mbele ya wifi yake. Akanywa chai ya tangawizi, akanyamaza.

Na Anania hakutaka kula. Chantal alimpikia viazi vitamu, mtoto akageuza uso kutafuta njia ya baiskeli. Ndipo Chantal akakumbuka jinsi mama yake alivyokuwa akiwalea wadogo zake kule Kibondo. Alikuwa anatafuna chakula mwenyewe, kikilainika anakitoa mdomoni mwake kwa kidole na kukiweka mdomoni mwa mtoto. Wazee wanasema mtoto aliyetafuniwa hamsahau mama. Chantal akatafuna kiazi. Anania akafungua mdomo. Akameza, akacheka, akafungua tena.

Siku tatu Chantal alimtafunia, asubuhi na jioni, koo lake likiwaka moto. Hata kengele ya baiskeli ilipolia alimshika mtoto mapajani. "Anakula," alisema kuelekea mlangoni. "Usimsumbue."

Siku ya nne Anania alichemka mwili. Alilia akimeza maji. Nduwayezu alikuwa bado shamba, na Immakulata hakungoja kukaribishwa. Aliingia, akamlaza mtoto chali, akawasha tochi ya simu, akamwambia aseme aaa.

"Koo limevimba, wifi. Naona usaha mweupe pembeni, na hata kimeo chenyewe kimevimba. Huyu kaambukizwa. Humu ndani kuna mtu anaumwa koo?"

"Mtu gani? Unamtafuta nani?"

"Sitafuti mtu, nauliza tu."

"Hakuna," Chantal alisema, na neno lenyewe lilimkwaruza likitoka.

"Basi tumpeleke hospitali ya Kabanga kesho asubuhi. Nitampakia mimi, wewe utakuja na bodaboda. Ni dawa tu, atapona."

Maneno yote hayo yalipita. Chantal alibaki na mambo mawili kichwani. La kwanza ni neno kimeo. Kwao, mtoto akikohoa au akikataa kula, lawama zote huangukia kile kinyama kinachoning'inia nyuma kooni. Kikivimba, kinakatwa. La pili lilikuwa picha: Immakulata anaingia hospitali na Anania mgongoni, manesi wanampokea, "Mama, mtoto ana miaka mingapi?" na Immakulata anajibu.

Alfajiri, kabla ya jogoo wa jirani, Chantal alimfunga mtoto mgongoni akapanda gari la kwanza la kwenda Kibondo, kwa mama yake.

"Kimeo!" mama yake alipaza sauti alipomwangalia mjukuu. "Mmekaa nacho hadi kimefika hapa? Huko kwa mume wako hakuna watu?"

"Wapo. Wanajifanya madaktari."

Walimpeleka kwa Mzee Pasikali, aliyekuwa akikata vimeo tangu Chantal hajazaliwa. Mzee mcheshi. "Vimeo nilivyokata mimi," alisema akinoa, "ukivipanga barabarani vinafika Kasulu na kurudi." Chombo chake kilikuwa chuma chembamba chenye ncha iliyopinda, na alikuwa ametoka kukata mtoto mwingine, ambaye bado analia mapajani mwa mama yake akitema mate mekundu. Pasikali akakifuta chuma kwenye suruali, upande huu, upande ule. "Mshikeni kichwa."

Hapo, mama mwenzangu unayesoma, ndipo pa kusimama. Chantal alijua. Alikuwa kwenye baraza lile la kanisa, aliona picha, alisikia kwamba damu ya huyu ikiingia kwa yule inaingia na wageni wake. Maneno yalimfika kwenye ulimi: Mzee, kichemshe kwanza. Lakini maneno yalikuwa ya Immakulata. Kuyasema ilikuwa kama kukopa mdomo wa wifi yake. Akayameza. Akamshika mtoto kichwa.

Ilichukua muda mfupi kuliko kuwasha jiko. Pasikali akapaka majivu ya dawa yake, akasema jioni mtoto atakula ugali.

Jioni Anania hakula ugali. Alitema damu, halafu mate yenye damu, halafu mate yaliyonuka. Kesho yake mwili ulikuwa wa moto hadi kanga ya Chantal ikapata joto, na mchana mtoto aliacha kulia. Hilo ndilo lililomtisha kuliko kilio. Alikuwa amelegea mapajani, macho nusu, mate yanatiririka kwa sababu hawezi kuyameza.

"Dawa inafanya kazi," alisema bibi yake, lakini alisema akiangalia pembeni.

Chantal alishika simu. Akitaka kumpigia mume, alijua mume atasema nini: ngoja nimwulize dada. Alikaa na simu hiyo, wivu upande mmoja na mtoto upande mwingine, na kwa muda ambao hatausahau hakujua mkono wake utakwenda wapi. Kisha Anania akavuta pumzi kwa sauti ya kukoroma, na Chantal akabonyeza namba ya wifi yake.

"Wifi! Mko wapi? Tumezunguka kijiji kizima, kaka kashapigiwa—"

"Kibondo. Kwa mama. Nimemkata kimeo."

Chantal alijiandaa kutukanwa. Alitamani atukanwe, angepata pa kujibu.

"Anakojoa?" Immakulata aliuliza.

"Nini?"

"Mkojo, wifi. Tangu lini hajakojoa?"

"Tangu... jana."

"Usimpe chochote mdomoni. Usingoje kesho wala usingoje mimi. Ondoka sasa hivi mpeleke hospitali hapo hapo Kibondo. Nakuja."

Hospitalini walimtundikia maji ya mshipa na kumchoma sindano. Daktari alikuwa kijana anayeitwa Ndayisenga, mwenye sauti ya upole na macho yaliyokosa usingizi. Alichunguza koo, akauliza nani kakata, kwa chombo gani, akaandika. Jua lilikuwa linazama Immakulata alipoingia wodini na vumbi la safari hadi kwenye kope, akasimama miguuni mwa kitanda. Wakati huo huo daktari aliuliza:

"Kabla ya kukatwa, ilianzaje? Nyumbani kuna mtu aliyekuwa anaumwa koo?"

Lile swali. Na aliyeliuliza mara ya kwanza amesimama pale pale.

"Mama, simtafuti wa kumfunga," daktari alisema. "Nataka kujua ninachotibu."

Chantal aliangalia shuka. "Mimi. Nilikuwa naumwa mimi. Na nilikuwa namtafunia chakula."

"Ulimtafunia kwa nini? Ana meno."

Hakuweza kulisema hilo mbele ya wifi yake. Lakini machozi yalisema, na Immakulata, aliyekuwa na akili kuliko picha zake, akageuka kuangalia ukuta.

Daktari alimwangalia Chantal koo, akatikisa kichwa. Akamweleza bila kumgombeza. Kooni mwake kulikuwa na bakteria, na bakteria hao walipanda kiazi kilichotafunwa wakaingia kwa mtoto. Kimeo hakikuwa ugonjwa. Kilivimba kwa sababu koo zima lilikuwa linapigana. Dawa ya siku chache ingemaliza. Chuma kikafungua mlango wa pili, kikaingiza bakteria wengine kwenye damu, na hao ndio waliotaka kumwondoa duniani.

"Hao tunawapiga na sindano hii," alisema. "Ila chuma kilichopita mdomoni mwa mtoto mwingine kinaweza kubeba na virusi. Vya homa ya ini, hata vya UKIMWI. Virusi haviisikii sindano ya bakteria. Tutampima leo, kisha tena baada ya wiki sita na ya miezi mitatu. Na yule mtoto aliyemtangulia naye atafutwe, na huyo mzee aelezwe."

"Kwa hiyo ni mimi," Chantal alisema. "Niliyemwambukiza."

"Ni vidudu, mama. Ila vilipitia kwako."

Wakampa na yeye vidonge, na nesi akamwonya asimlishe mtoto kwa mkono wake mpaka dawa ikae mwilini siku nzima. Hata kukaa karibu, afunike mdomo.

Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Anania alifungua macho, akaangaza wodi, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba kama uzi. "Masenge."

Nesi alileta uji mwepesi kwenye kikombe, kijiko kimoja kimoja, akampa Immakulata. Chantal alikuwa kwenye benchi chini ya dirisha na kitambaa mdomoni. Aliona mkono wa wifi yake unapita chini ya shingo ya mtoto, unamwinua. Na ule moto ukapanda tena, ule ule, kana kwamba hakujifunza kitu. Alishangaa kwamba upo bado. Akaubana.

Anania aligeuza uso. Kijiko kikarudi. Mara ya pili akageuza tena, akaanza kunung'unika.

"Kidogo tu, baba," Immakulata alibembeleza, akimwinamia. "Kidogo kwa ajili ya masenge." Mtoto akafumba midomo. Nesi akaangalia chupa ya maji, kisha saa.

Chantal angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemuuliza.

"Upoze kabisa," alisema nyuma ya kitambaa. "Hapendi hata wa vuguvugu. Na usimwangalie. Akiumwa hapendi kuangaliwa akila, tangu mdogo yuko hivyo. Geukia huku kwangu, kijiko kipeleke kwa pembeni, umngoje mwenyewe."

Immakulata alimwangalia kidogo. Kisha akapuliza uji, muda mrefu, akageuka akaelekea dirishani, wakatazamana wao wawili, kijiko kikiwa hewani mkononi mwake, upande wa mtoto.

Wakangoja.

"Kameza?" Immakulata alinong'ona, bila kugeuka.

"Kameza," Chantal alisema. "Usigeuke. Mpe tena."