Maji ya Kwanza Si Yako

Bibi Mizizi alikuwa na maringo, na nani angemlaumu? Duka lake la mitishamba lilijulikana mtaa mzima kwa dawa ya kikohozi kikavu, kile cha kukwangua koo usiku kucha bila kutoa hata kohozi. Jani lenyewe ni sumu kali. Linachemshwa, maji yanamwagwa, linachemshwa tena. Hayo ya pili ndiyo dawa, na ni kijiko tu. Maji ya kwanza yanasimamisha moyo. Bintiye aliuza majani mengine yote dukani, lakini jani hilo, thubutu! "Siku utakapoiva," mama alimwambia kila mara, na siku yenyewe haikufika.

Asubuhi hiyo akaja fundi seremala, anakohoa mpaka machozi. Bibi Mizizi akampimia majani mwenyewe, kisha akamwambia maneno aliyorithi kwa mamake, akiyatamka kwa madaha: "Maji ya kwanza si yako."

"Nimeelewa, mama," fundi akasema, akashika njia.

"Kaka, ngoja kidogo," binti akamwita. "Hebu niambie, ukifika nyumbani utafanyaje?"

Bibi Mizizi akasonya. Mtu mzima na ndevu zake anahojiwa kama mtoto wa shule! Alitamani kumfinya binti yake.

"Nachemsha," fundi akajibu. "Maji ya kwanza si yangu, basi nampa mke wangu. Naye anakohoa, maskini, na mimba yake ile. Mimi nasubiri ya pili." Akatabasamu. "Wengine tunajua kupenda, dada."

Lo! Bibi Mizizi akashika meza. Maneno ya mamake, aliyojivunia miaka yote, yangemzika mtu na mwanawe tumboni.

Binti hakupiga kelele. Aliyatoa majani mkononi mwa fundi taratibu. "Maji ya kwanza ni sumu, kaka. Yanamwagwa chooni. Na mkeo asiguse hata hayo ya pili, mpeleke hospitali leo hii. Yako nitakuchemshia mwenyewe, hapahapa."

Fundi akamgeukia mama, jasho linamtoka. "Mama, ni kweli hayo?"

Fahari ilimpanda Bibi Mizizi. Huyu mtoto nimemzaa mimi, jamani! Akavuta kiti cha wateja, akaketi.

"Mbona unaniuliza mimi?" akasema. "Muulize mwenye duka."