Miji Niliyoitoa Nikisubiri Viza

Nalala nikiwa nimekaa, na nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani nilifika kule kwa uganga. Ni saa nne asubuhi, nimo kwenye ukumbi wa ofisi inayopokea maombi ya viza, benchi la tatu, faili mapajani, namba mia moja na kumi na tisa mkononi, na anayeitwa dirishani ni wa sitini na mbili. Nimetoka Same tangu jana na macho sijayafumba. Najiapia kwamba sitasinzia. Kiyoyozi kinavuma, kichwa kinaniinamia kifuani, nakiinua, kinainama tena, na ninapokiinua mara ya tatu benchi limeanza kwenda. Linakwenda taratibu, linapita dirisha la kwanza, la pili, la tano, linapita ukutani bila kubomoa kitu, linatokea barabarani, na wenzangu niliokaa nao wanaendelea kutazama mbele kana kwamba ndivyo mabenchi yanavyofanya siku zote. Narukia chini. Barabara imezungushiwa zile kamba za foleni pande zote mbili, inakata kushoto, inarudi kulia, inakata tena, inarudi tena, mpaka macho yanachoka kuifuata. Mimi ni fundi wa pampu za maji, sina subira na kitu kinachozunguka wakati kingeweza kukatizwa, kwa hiyo nainua mguu niiruke kamba. Kamba nayo inainuka. Nainua zaidi, nayo inainuka zaidi, tunashindana hivyo kwa muda, na faili linanidondoka mara mbili.

Mbele yangu amesimama mtu aliyevaa shati jeupe na tai, na mahali panapotakiwa kuwa na uso pamekuwa laini tu kama donge la unga. Namwamkia shikamoo, maana asiye na uso huwezi kukisia umri wake, na shikamoo haijawahi kumpeleka mtu polisi. Namuuliza dirisha liko upande gani. Hajibu swali langu. Anasema, kitendawili. Na mdomo wangu, kwa mazoea ya utotoni, unajibu kabla sijauruhusu, tega. Anasema, yumo nyumbani na bado hajafika. Nalijua jibu. Mtoto wa darasa la pili angelijua. Nasimama pale na jibu liko kwenye ncha ya ulimi, nageuka huku na huku nione kama kuna mtu anayesikiliza, na siwezi kulitamka.

Sababu ni hii. Marit ni mke wangu kwa kila kitu isipokuwa cheti. Alikuja Same kuchimba visima, mimi nikafunga pampu juu ya visima vyake, na miaka minne ikapita tukigombana kuhusu mabomba na kupatana jioni. Sasa yuko kwao, kwenye mji ambao mto wake huganda mpaka watu wakapita juu yake na baiskeli. Yuko huko kwa sababu ana mimba ya miezi minane, na ya kwanza ilitoka. Ile ya kwanza niliitangaza mimi. Mwezi wa nne haujaisha nikanunua kitanda cha mtoto, nikakibeba kichwani nikapita nacho sokoni mchana kweupe, na kila aliyeuliza nikamjibu, na ambaye hakuuliza nikamsimamisha. Wiki mbili baadaye Marit alikuwa hospitali peke yake, mimi niko kijiji cha mbali nimeshika spana. Mama hakunilaumu. Alikichukua kile kitanda akakipeleka stoo, akasema tu, mwanangu, mgeni hatangazwi kabla hajapiga hodi. Tangu siku hiyo sitamki. Hata dada yangu Namkunda, anayejua mpaka namba ya viatu vyangu, anaamini wifi yake amekwenda kusalimia wazazi. Na kwenye fomu ya viza, pale wanapouliza kusudi la safari, niliandika kutembea. Wakaninyima. Barua yao ilikuwa na mistari mitatu: kusudi halieleweki, na hakuna uthibitisho kwamba nitarudi.

Marit alituma barua ya daktari wake yenye tarehe ya kujifungua. Ndiyo sababu yenyewe, alisema, iweke juu kabisa ya faili. Jana alinipigia simu akaniuliza, Eli, umeiweka? Nikamwambia nimeiweka. Barua iko Same, kwenye sanduku la vifaa, chini ya ufunguo wa bomba, kwa sababu nilipoishika mikono yangu ilikataa kumpelekea karani karatasi yenye tarehe ya mtu ambaye hajalia. Naona haya kuliko ninavyoweza kusema. Zimebaki wiki tatu, na leo wakininyima hakuna muda wa ombi lingine. Marit hakuomba mengi. Alisema, sitaki kuwa peke yangu tena kwenye chumba kile.

Basi namwambia yule mtu wa tai, nimeshindwa. Ananyoosha kiganja, anasema, nipe mji. Kanuni ni hiyo, nimekua nayo, aliyeshindwa kitendawili hutoa mji, na sikumbuki hata siku moja ilipomdhuru mtu. Nampa Mombo, maana Mombo kwangu ni mahali basi linaposimama tu. Mara nahisi kitu kinang'oka kichwani. Zile meza za mahindi ya kuchoma, yule mama anayeuza mayai kwa kugonga kioo cha basi, vumbi lake, vyote vinakwenda, na jina linabaki halina kitu ndani. Namwambia, haya, mji umepewa, sasa taja jibu, ndiyo haki yangu. Anasema, jibu unalo, mji ni wangu. Kamba inafunguka hatua kumi, inajifunga tena, na mbele yangu amesimama mwanamke wa kitenge asiye na uso, na anasema, kitendawili.

Kitendawili ni kilekile. Nampa Korogwe. Anayefuata nampa Tanga, na ninapoitoa najuta, kwa sababu Tanga ndiko nilikosomea ufundi, na ghafla sijui tena nilifundishwa na nani kukaza nati. Nampa mwingine Moshi. Nampa mwingine Arusha. Natembea upesi, narudi nilikotoka, nakata kushoto, narudi kulia, natoa Babati, natoa Singida, na kila mmoja namwambia namna moja, nimeshindwa, nimeshindwa, mpaka neno lenyewe linapoteza ladha mdomoni. Mmoja wao namkasirikia. Namuuliza, ninyi mnataka nini hasa, mnaiona kabisa hali yangu, mnanizungusha ya nini? Ananijibu kwa upole unaoudhi, mwenye mlango ni wewe, sisi tunabisha tu. Namwambia asinifumbie, mimi ni mtu wa kazi. Ananyoosha kiganja.

Barabara inaniingiza kwenye mji ambao kuta zake zote ni vioo, na nikiutazama vizuri ni Same. Soko liko pale, stendi iko pale, milima ya Upare imesimama nyuma, ila kulia kumekuwa kushoto, na kila anayepita amekumbatia faili. Kwenye kila kioo najiona nimebeba kitanda cha mtoto kichwani. Nainamisha kichwa, kitanda hakianguki. Nakimbia, na wale mimi wa kwenye vioo wanakimbia nami, vitanda vichwani, mamia yao, bila kugongana. Watu wanatabasamu kwa midomo wasiyokuwa nayo, wanauliza kama walivyoniuliza sokoni siku ile, fundi, kulikoni, nani anakuja? Nasema hakuna. Nasema ni cha jirani. Nasema nimetumwa. Na kila uongo ninaoutoa kitanda kinakuwa kizito zaidi, mpaka shingo inaniuma kikweli, na mwishoni mwa mtaa ananisimamisha yule wa kwanza, wa tai, anasema neno lake, nami sina mji mwingine mdomoni isipokuwa huu niliomo. Nampa Same.

Sikufikiri. Ndivyo ilivyo, sikufikiri. Vioo vinazimika kimoja kimoja, milima inakunjwa kama shuka, na pale palipokuwa na nyumba yetu mama amesimama na fagio kwenye uwanja ambao haupo tena, amesimama juu ya weupe mtupu. Ananitazama, na yeye uso anao, uso wake kamili. Anauliza, baba, na mimi umenitoa? Namwambia, mama, nilikuwa nafuata ulichoniambia. Anasema, nilikwambia usimtangaze kwa majigambo, sikukwambia umkane. Nataka kumjibu, nataka kumuuliza mbona hakusema hivyo siku ile alipokipeleka kitanda stoo, lakini fagio limekwenda, na mikono iliyolishika imekwenda, na mama amekwenda. Nalia kwa sauti. Hawa watu wanataka nithibitishe kwamba nitarudi, na mimi nimegawa kila mahali pa kurudia, nimemgawa mpaka mzazi wangu, kwa kuogopa neno moja.

Kamba zimekwisha. Limebaki geti, na mlinzi wa geti hana uso wala kichwa, ana kiganja tu. Nyuma ya geti nauona mto ulioganda, na ng'ambo yake mji mmoja, na ndani ya mji dirisha moja, na dirishani Marit amekaa pembeni ya kitanda anajaribu kufunga kamba za viatu na hazifikii kwa sababu ya tumbo. Anajaribu, anapumzika, anajaribu. Anaangalia mlangoni. Kitendawili, kinasema kiganja. Sisemi tega, lakini kinatega vilevile, yumo nyumbani na bado hajafika. Natafuta mji. Napekua kichwa chote kama mtu anayetafuta funguo gizani, na miji yote imekwisha isipokuwa ule mmoja, ule ulio mbele yangu, na najua nikiutoa huo dirisha lile litazimika na Marit akiwa ndani yake, mguu mmoja una kiatu na mmoja hauna. Nipe mji, kinasema kiganja. Mdomo wangu unafunguka. Nausikia unaanza na ile herufi ya kwanza ya mji ule, nauzuia kwa mkono, nauma kidole changu mwenyewe, na maumivu yananirusha.

Mia moja na kumi na tisa, sauti inaita. Mia moja na kumi na tisa, dirisha la nne. Nimesimama tayari, sijui nimesimama saa ngapi. Kidole kina alama za meno. Nikiwa natembea najaribu kuikumbuka Mombo, jina linakuja upesi, lakini meza za mahindi hazionekani, wala mama wa mayai. Najaribu Tanga, vivyo hivyo. Pengine ni usingizi haujaniisha vizuri. Dirisha la nne lina kioo kinene, na mwanga wa nje unapiga juu yake kiasi kwamba nauona mwili wa karani, naona mikono yake ikigeuza kurasa za faili langu, uso wake siuoni. Nainama, napinda shingo, siuoni. Ananisalimu kwa adabu. Anasema, kaka, ulinyimwa mwezi uliopita, na hapa umeandika tena kutembea. Kusudi la safari yako ni nini? Na mkono wake umelala mezani, kiganja juu.

Nafikiri, kama huku bado ni kule, neno hili halitamdhuru mtu. Na kama niko macho, nikishalitamka halirudi. Nasogeza mdomo karibu na kioo. Nasema, naenda kumpokea mwanangu. Anasema, kioo hiki hakipitishi sauti vizuri, tafadhali sema kwa nguvu. Nasema kwa nguvu, kwa sauti ile ninayomwitia mwenzangu aliye chini ya kisima, naenda kumpokea mwanangu, atazaliwa baada ya wiki tatu, mama yake yuko peke yake. Nyuma yangu nasikia mabenchi yakilia. Karani anageuza kurasa, anasema kwenye faili hamna barua ya hospitali. Namwambia ipo, niliificha. Anauliza kwa nini. Niliogopa, namwambia, tulishapoteza mmoja. Mikono yake inatulia juu ya karatasi. Kisha anasema polepole, mwambie mama yake aitume tena kwa barua pepe kabla ya saa sita, namba yako naishikilia. Hasemi nitapata. Hasemi nitakosa. Natoa simu na vidole vinakosea herufi, namwandikia Marit kwamba nilimdanganya, anisamehe, aitume sasa hivi, na nyuma yangu, kutoka kwenye mabenchi, mwanamke nisiyemjua anasema, Mungu amlete salama. Mwingine anaitikia amina, halafu wa tatu, halafu ukumbi mzima, wanaume kwa wanawake, wanaitikia amina kwa mtoto ambaye hajapiga hodi. Natamani kugeuka niwashukuru. Sigeuki. Naogopa nitakuta hawana nyuso, na ile amina naihitaji mno.