Mfalme Aoge Chini

Katika nchi ya Kijitoni mfalme alioga juu ya mto, raia wakanywa chini. Mfalme huyo, Kiboko, alijitosa asubuhi, akagaagaa, akafanya na hayo mengine wafanyayo viboko majini, na tope likateremka hadi kwa wenye kiu. Wao waliliita baraka. Msiniulize kwa nini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ndiyo, lakini mwenye kiu anamjua vizuri mwenye mto, na anamwogopa.

Nungunungu alikuwa amezika watoto wawili waliouawa na tumbo la kuhara. Kwa hiyo alifurahi kimoyomoyo jirani yake Mhanga, ambaye ndiye aliyemchimbia shimo la kuishi, aliposimama kushindana na Kiboko katika uchaguzi kwa neno moja tu: "Mfalme aoge chini, raia wanywe juu."

Kura huko hupigwa kwa kusimama nyuma ya umtakaye, mbele ya macho ya Fisi, mkuu wa askari. Nungunungu alitoka nyumbani na nia ya kumchagua Mhanga. Alipomwona Fisi akiwatazama watoto wake waliobaki, miguu ikampeleka kwa Kiboko. Nyuma ya Mhanga hakusimama hata inzi.

Sasa, Kijitoni kuna mila ya kuzika neno. Aliyeshindwa hutembezwa kila penye maji, alitamke neno lake, na umati uitike, "Limekufa!" Ati neno likizikwa hivyo halifufuki. Ujinga ulioje! Neno lililokuwa limesikiwa na wachache wa bondeni, askari wenyewe walilifikisha mipakani.

Kiangazi kizima Mhanga alitembezwa, sauti ikimkwaruza. "Mfalme aoge chini," alisema. "Limekufa!" wakaitika, wengine wakicheka. Kisha waliinama kunywa tope, na kicheko kikawaishia. Swala mmoja akamuuliza mwenziwe, "Kwani akioga chini atapungukiwa nini?" Nungunungu naye aliitika na wenzake, akarudi kwenye shimo alilochimbiwa na Mhanga, akalia kwa aibu.

Habari zikafika kwa Kiboko. Akaita baraza.

"Uchaguzi alishinda nani?"

"Wewe, Mtukufu," akajibu Nguchiro, waziri wake.

"Mbona basi huko nje wanazungumza neno lake, si langu?"

Nguchiro akakohoa. "Uniwie radhi, Mtukufu. Lako lilikuwa lipi?"

Kiboko akamgeukia Fisi. "Huyo Mhanga asirudi kwake."

Raia walimkuta amekufa mtoni, juu kabisa, maji safi yakimpita mdomoni. Ikatangazwa kwamba amezama, naye alikuwa akijua kuogelea tangu utotoni. Nungunungu ndiye aliyemchimbia kaburi. Lilitoka fupi na la upogo, kwa sababu siku zote alikuwa akichimbiwa.

Uchaguzi uliofuata, kila aliyetaka kusimama aliulizwa swali moja kabla hajasalimia: juu au chini? Hata Kiboko hakusalimika. Siku ya kura Nguchiro alipanda jiwe ukingoni mwa mto.

"Raia wema, mfalme wetu kwa hekima yake amebuni jambo jipya. Ataoga chini!"

Vigelegele vikapigwa. Jina la Mhanga halikutajwa. Wanyama wakaanza kujipanga nyuma ya Kiboko, ambaye wakati huo huo alikuwa bado amelala juu, majini, tope likiteremka kama kawaida yake.

Nungunungu hakujipanga. Aliwatazama watoto wake, akawaza maji watakayokunywa jioni ile, akaenda kusimama pale aliposimama Mhanga peke yake. Miiba yake ilikuwa ikigongana kwa hofu, kila mtu akaisikia.

"Mtukufu," akasema, "utahamia chini lini?"

Fisi akaanza kumsogelea. Nguchiro akaugeukia umati, akainua mkono kuuongoza uitike, "Limekufa!"

Mkono ulikaa juu muda mrefu. Hakuna aliyeitika.