Rangi ya Mlangoni

Darasa la jioni la kupiga picha lilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na lilikuwa na sheria moja iliyowatesa watu kuliko mtihani. Picha zako zikibandikwa ubaoni ili mwenzako azitolee maoni, unapewa kikombe cha maji. Unapiga funda moja, unalishika mdomoni, humezi wala hutemi mpaka mwenzako amalize kusema. Mwalimu, mzee mwembamba aliyemaliza ujana wake katika chumba cha picha cha gazeti, aliibuni sheria hiyo baada ya kuchoka kusikiliza watu wakizitetea picha zao.

"Picha ikihitaji wakili," alizoea kusema, "ujue ina kesi."

Sheria ya pili ilikuwa fupi: neno "nzuri" ni marufuku. Mtoa maoni aseme juu ya rangi, aseme juu ya mpangilio, kisha akae.

Jioni hiyo, maonyesho ya kufunga darasa yakiwa yamekaribia, zamu ya kutoa maoni ilimwangukia Mama Sindano. Alikuwa fundi cherehani, mama wa watoto waliokwisha kujitegemea. Jina hilo alipewa na wanafunzi wenzake kwa sababu siku ya kwanza alifika na sindano zimechomekwa kifuani, mwenyewe hana habari. Alikuwa ameanza masomo ukubwani, na kila alipopanda zile ngazi alimwomba Mungu mambo mawili: asisinzie darasani, na asimkwaze mtu. La kwanza alikuwa amejaliwa. La pili leo lilikuwa mashakani, maana picha zilizokuwa ubaoni zilikuwa za Kinyozi.

Kinyozi alikuwa mcheshi wa darasa, na darasa zima lilijua habari ya mama yake. Mama huyo aliugua muda mrefu, akapona, lakini tangu apone hakuruhusu picha yake itundikwe popote. Kila aliyoonyeshwa aliilaza kifudifudi akauliza, "Huyu mgonjwa ni nani? Mtoeni hapa." Sasa Kinyozi alikuwa amepata moja aliyoiamini. Alimwahidi mama yake kwamba siku ya maonyesho atajiona ukutani na hatamwona mgonjwa. Mama, baada ya kubembelezwa sana, alikubali kuja, ila kwa sharti: akimwona mgonjwa, anageuka papo hapo na kurudi kwake, na asipigwe picha tena maisha yake yote.

Mama Sindano akazitazama zile picha. Tatu za kwanza zilikuwa vichwa vya wateja, na zote zilianzia kwenye nyusi kwenda juu. Mstari wa nywele umechongwa sawasawa, na chini yake hakuna mtu. Ya nne ndiyo ya mama. Uso ulijaa picha nzima, masikio yamekatwa pande zote mbili kama pindo lililozidi. Rangi yake ilishtua. Mashavu mekundu kama nyanya, midomo kama imechovywa kwenye wino, na ukuta wa nyuma, ambao bila shaka ulikuwa mweupe, umegeuka zambarau.

Kinyozi alipiga funda, akavimbisha mashavu, akamkonyeza.

"Kwanza," alianza Mama Sindano, "hizi ni picha nzu..."

Mwalimu akakohoa.

"Ni picha zinazoonyesha bidii."

"Bidii si rangi," alisema Mwalimu. "Wala si mpangilio."

Mama Sindano akafumba macho. Wenzake walidhani anafikiri, kumbe anasali: Ee Mungu, nipe neno la kweli lisilo na kisu. Alipofumbua macho neno lilikuwa limekuja, ila kisu nacho kilikuwa humo humo.

"Rangi imezidi," alisema. "Hawa wateja nitawavumilia. Lakini huyu mama, mwanangu, hakuna mtu mwenye mashavu ya namna hii. Ni kama umempaka. Na umemsogelea mno. Masikio umekata, shingo hakuna, mikono hakuna. Mimi simwoni mama yako hapa. Naona rangi, na nyuma ya rangi naona mtu amejificha."

Mashavu ya Kinyozi yalianza kunywea polepole, kisha koo likapanda na kushuka. Alikuwa amemeza. Tangu darasa lianze hakuna aliyewahi kumeza.

"Kabla sijaongeza hiyo rangi," alisema, "alikuwa na sura ya jivu. Ulitaka nimtundike hivyo?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema nimempaka. Ndiyo, nimempaka. Na wewe je, mama? Watu wako wote hawana vichwa."

Watu walicheka, naye akacheka kidogo kwa mazoea tu, lakini mikono yake ilikuwa tayari inazibandua picha. "Situndiki kitu," alisema, akashuka ngazi.

Mama Sindano alitaka kubisha lile la vichwa. Akatoa bahasha ya picha zake mwenyewe, akazipanga mezani ili awaonyeshe watu. Gauni la kijani, kuanzia shingo hadi pindo. Suti ya kijana, tai imekaa vizuri, juu ya tai hakuna kitu. Kwaya nzima, safu mbili za majoho aliyoyashona kwa mikono yake, kola zimenyooka, na hakuna uso hata mmoja.

"Nyani haoni kundule," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa nini unadhani nilikupanga na Kinyozi?" aliuliza Mwalimu, akaenda kufunga madirisha.

Asubuhi mteja alimletea Mama Sindano sketi ya rangi ya udongo iliyofumuka ubavuni. Alichukua nyuzi tatu zilizofanana, akatoka nazo hadi mlangoni, kama alivyofanya kila siku ya kazi yake. Bibi aliyemfundisha kushona alikuwa na usemi wake: balbu ni shahidi wa uongo. Ndani ya chumba nyuzi zote tatu zingeapa kuwa ni za sketi ile. Mlangoni, mwanga wa nje ulipozigusa, moja ilionekana njano, nyingine ina kijani kwa mbali, na ya tatu ikazama ndani ya kitambaa usijue uzi uko wapi.

Alibaki amesimama pale na sketi mkononi. Alikuwa akikikumbuka kibanda cha Kinyozi, alikopita mara nyingi: kioo kikubwa, na kukizunguka kioo, taa nyekundu za mapambo zinazowaka tangu asubuhi hadi kufunga. Na simu anayopigia picha na kuziongezea rangi huitumia wapi, kama si pale chini ya kioo?

Akaomba samahani kwa mteja, akachukua mkoba.

Kinyozi alikuwa na mtu kitini, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Alimwona fundi kwenye kioo, wala hakugeuka.

"Leo sizungumzi na watu wasio na vichwa," alisema.

"Mimi nimekuja na changu. Lete na chako hapa mlangoni. Na ile picha."

"Niko kazini, mama."

"Sitakuchelewesha. Ukitoka hapo hujaona kitu, nitakuomba radhi mbele ya darasa zima na maji mdomoni."

Kinyozi akazima mashine.

"Na mimi je?" aliuliza mteja. "Nimenyolewa nusu."

"Tulia, kaka. Nusu haikimbii."

Alitoa ile picha kwenye droo ya vitana, akaja nayo hadi kizingitini, uso umekunjamana. Akaiinua kwenye mwanga. Kisha akarudi ndani chini ya zile taa nyekundu, akaitazama tena, akatoka tena nje.

"Mle ndani yuko sawa," alisema. "Nje hapa... Nimemgeuza mama yangu nyanya."

"Hiyo ya mwanzo, uliyosema ya jivu, uliipigia wapi?"

"Chumbani kwake, jioni. Chini ya ile taa nyeupe ndefu."

"Taa ile ukinipiga mimi utadhani nilizikwa jana," alisema Mama Sindano. "Jivu ni la taa, si la mama yako. Halafu ukamleta kwenye hizi nyekundu zako kumtibu. Macho yakishazoea wekundu, kila ukiongeza unaona bado."

Kinyozi alikaa kwenye kizingiti. Akaanza kucheka, safari hii kicheko chenyewe hasa. "Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mimi nikadhani wanasema nywele." Kisha akaacha kucheka. "Nilikusema vibaya mbele za watu, mama."

"Ulisema kweli. Nilizipanga picha zangu mezani nikatafuta kichwa, sikukipata."

Mteja alikuwa amechoka kungoja. Alitokea mlangoni na shuka la kinyozi shingoni, upande mmoja wa kichwa unang'aa na mwingine ni kichaka, mikono kiunoni, akitaka kujua kama watu hapa wananyolewa kwa awamu. Mama Sindano aliangalia jinsi shuka lilivyomwangukia, akatoa simu yake. Kidole kilikuwa karibu kubonyeza alipogundua kuwa, kama kawaida yake, amemkata shingoni. Akainua simu juu kidogo.

Siku ya mapumziko walikwenda pamoja kwa mama yake Kinyozi. Walimkuta sebuleni anafumua fulana kuukuu ya sufu ya kijani, anaizungusha sufu kuwa donge. Mama Sindano alimwamkia kwa heshima, naye akaitikia bila kusimamisha mikono.

"Wewe ndiye uliyesema mwanangu amenipaka?"

Mama Sindano alitamani ardhi ipasuke. "Ni mimi, mama."

"Mungu akubariki. Alikuja hapa amenuna kama aliyeachishwa ziwa. Nikajua leo amepata mtu wa kumwambia."

Wakasogeza kiti chake hadi mlangoni, mwanga wa nje ukiingia kwa ubavu. Rangi ya kahawia ya shavu lake ilirudi polepole, kama mgeni aliyekuwa akingoja kukaribishwa. Kinyozi aliona. Kisha, kwa mazoea ya kazi yake, akamsogelea hadi karibu na nyusi.

"Rudi nyuma," alisema Mama Sindano.

Akarudi hatua.

"Zaidi."

"Nikirudi zaidi nitatoka nje ya mtaa."

"Mikono yake sijaiona."

"Mikono ya nini? Mimi ni kinyozi."

"Na mimi mshonaji, lakini juzi nilipiga kichwa na sikufa. Rudi."

"Mnaponipima hivi," alisema mama, "mkumbuke mimi si kitambaa."

Kinyozi alirudi nyuma, jicho kwenye simu, hatua nyingine na nyingine, mpaka kisigino kikatumbukia kwenye ndoo ya maji ya kufulia iliyokuwa uani. Mama aliinuka nusu kitini, donge la sufu mkononi, amelinyoosha kama hakimu anayetoa hukumu, kinywa wazi, macho yanawaka.

"Wewe mtoto, una macho ya kutazama watu tu? Ndoo huioni? Maji yenyewe nimeyachota mwenyewe..."

Kinyozi, mguu ndani ya ndoo, akabonyeza.

Siku ya maonyesho mama alifika amejifunga kitambaa kipya, akapanda zile ngazi kwa kupumzika mara kwa mara huku akikataa kushikwa mkono. Kinyozi alikuwa amesimama kando ya picha, na utani wote ulikuwa umemtoka. Mama Sindano, pembeni, alisali kimya kimya. Hakuomba mengi. Aliomba tu mama asigeuke.

Mama alisimama mbele ya ukuta. Alitazama mashavu ya kahawia, mkono ulionyooshwa, sufu ya kijani iliyokuwa rangi pekee ya kupiga kelele katika picha nzima, na nafasi kubwa ya uani iliyoachwa upande anakotazama, ili makaripio yake yapate pa kwenda. Alitazama hivyo hata watu waliokuwa karibu wakaacha kuzungumza. Kisha aligeuka.

Kinyozi akainamisha kichwa.

Lakini mama hakwenda mlangoni. Alikwenda mezani, akachukua kikombe cha maji, akarudi nacho, akamkabidhi mwanawe.

"Nasikia ndiyo sheria ya hapa. Kunywa, na usimeze."

Kinyozi akapiga funda.

"Haya. Mpangilio," alisema mama. "Mguu mmoja wa kiti umeukata. Mtu atadhani nimekalia miguu mitatu. Nyumbani kwangu viti ni vizima."

Mwalimu, karibu na Kinyozi, alitikisa kichwa kwa kukubali. Mama Sindano aliona aibu. Yeye ndiye aliyesimamia, na mguu ule hakuuona.

"Rangi," mama aliendelea. Hapa sauti yake ilishuka. Alinyoosha mkono wake mwenyewe, akauweka karibu na mkono wa kwenye picha, akalinganisha kama mtu anayechagua uzi. "Rangi ni yangu. Na huyu mama simwoni akiumwa popote. Namwona anamgombeza mwanawe." Akaushusha mkono. "Mwache hapo hapo."

Machozi yalikuwa yakimlengalenga Kinyozi, mashavu yamejaa, hawezi kusema asante, hawezi kusema neno lolote.

"Na ile nyingine," aliuliza mama, "ile niliyokuwa nyanya, umeitupa, au umeiweka nije nikupikie?"

Maji yote yakaenda kwenye viatu vya Mwalimu.

Katika vicheko vile hakuna aliyeona mama alivyojisogeza hadi picha iliyofuata, iliyotundikwa na Mama Sindano: mtu mzima mlangoni, kuanzia viatu hadi utosini, amenyolewa nusu, mikono kiunoni. Aliitazama kwa makini, kisha akamgeukia fundi.

"Huyu naye," alisema, "kichwa umempa. Sasa mwambieni kinyozi amalize kazi yake."