Kioo Kizima

Kioo chenyewe hakizidi urefu wa kiganja changu. Mpaka leo kimo ndani ya mfuko wangu wa kazi, kati ya mwiko na timazi, na hakina hata mkwaruzo. Kingekuwa kimevunjika, ningelala vizuri zaidi.

Baa ya shemeji ilikuwa kongwe kuliko mtaa wenyewe. Kaunta yake ya mbao ilikuwa imelainishwa na viwiko vya watu ambao wengi wao sasa wako makaburini, na ukuta wa nyuma ulijaa picha zao. Chini ya picha hizo ulipita ufa. Miezi minane kabla ya jioni ninayoisimulia, dada yangu, mke wa shemeji, aliniita niutazame, maana mimi ni mwashi. Nilikata kipande cha kioo, nikakilaza juu ya ufa, nikakifunga kwa saruji ncha zote mbili.

"Kioo hiki kikiwa kizima, ukuta mzima," nilimwambia shemeji.

"Basi?"

"Basi. Mengine niachie mimi."

Kueleza kungenichukua dakika moja: ukuta ukisogea, kioo hukatika, nasi tunajua. Sikueleza. Nilipenda mno kuitwa fundi, na nilidhani fundi anayeeleza kila kitu hujipunguzia heshima.

Jioni ile tulikuwa wanne: mimi, shemeji, dada, na mzee mmoja dereva mstaafu wa treni, tuliyemwita Garimoshi kwa jinsi alivyovuta sigara. Jua lilikuwa bado dirishani. Mlango wa stoo ulikuwa umeanza kukwama, dada akawa anausukuma kwa bega kila akipita. Niliona, nikaendelea kunywa.

Garimoshi alikaa palepale alipokaa miaka thelathini, mgongo ukutani. Alikuwa akisimulia breki zilivyomgomea kwenye mteremko, mara akachungulia ndani ya glasi yake.

"Vumbi tena," akasema. "Fundi, huu ukuta unanimwagia vumbi tangu juzi. Niambie ukweli."

Niligeuza shingo tu. Kioo kilikuwa kizima, kinang'aa.

"Kunywa, mzee wangu. Huo ukuta utatuzika sote."

Tulicheka, Mungu anisamehe.

Shemeji aliweka chini glasi aliyokuwa akiifuta, akaegemea kaunta kwa furaha ya mtu mwenye habari njema.

"Wala usihangaike, mzee. Hicho kioo ni cha tatu! Viwili vilipasuka, nikaona haya kumsumbua shemeji kwa kazi ndogo kama hiyo. Hiki nimekibandika mwenyewe kwa gundi ya mpira. Hakipasuki ng'o!"

Nilisukuma glasi yangu pembeni.

"Vilipasuka lini?"

"Cha kwanza kama miezi miwili iliyopita. Cha pili wiki jana. Kwani vipi?"

Nilisimama. "Tokeni nje. Sasa hivi."

Shemeji alicheka, akidhani namtania kama kawaida yetu. Garimoshi hakucheka; aliijua sauti ya mtu anayeogopa. Nilimshika mkono mmoja, dada akamshika mwingine, tukamtoa. Tulipofika mlangoni niligeuka nikaita, "Shem, njoo!"

"Nakuja! Acha niteremshe picha ya baba."

Nilimwona akipanda juu ya kiti cha Garimoshi, akinyoosha mikono. Kisha ukasikika mshindo mzito, kama gunia linapotupwa sakafuni, na vumbi likatufuata hadi barabarani.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilirudi kwenye kifusi, dada akanifuata. Nilikikuta kile kioo kati ya matofali. Gundi ilikuwa imenyumbuka pamoja na ukuta mpaka ikaachia upande mmoja, nacho kimelala pale kizima kabisa. Alinitazama nikikiokota.

"Kaka, kwani kilikuwa cha nini?"

Nikamweleza. Kweli, ilichukua dakika moja.

Dada alikaa juu ya matofali. Hakulia, wala hakunilaumu, afadhali angenilaumu.

"Alikuwa akikifuta kila asubuhi," alisema, "kabla hata hajafungua mlango."