Kiranja Aliyehamia Bwenini Kwetu

Daktari Quansah alichora duara kwenye karatasi. "Huu ndio uvimbe wako," akamwambia dada yangu Baaba. "Seli za ulinzi wa mwili zimeingia humo kwa wingi."

"Si ndiyo kazi yao?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama, lakini zikikaa humo hubadilika. Sasa zinaulinda uvimbe, tena zinaulisha. Dawa ya kuzirudisha kwenye kazi yao tumeijaribu, imeshindwa."

Mama hakuelewa. Mimi nilielewa upesi, kwa kuwa mimi ni msomi wa fani hiyo ya kupotosha walinzi. Shuleni kwetu Cape Coast waliwahi kutuletea kiranja mkali alale bwenini mwetu, atunyooshe. Tulimkaribisha kwa heshima zote, kwa pilipili ya shito na samaki wa kopo kutoka masanduku yetu. Kabla muhula haujaisha, yeye ndiye aliyekuwa akitushikia ngazi tukiruka ukuta.

Baaba alikijua kisa hicho. Zamani kilimchekesha hadi machozi.

"We mtundu," akaniita, "yule kiranja wenu aliwahi kurudia ukali wake?"

Nimewadanganya walimu wengi bila kupepesa macho. Nilifungua mdomo, uongo haukuja.

"Haya," akasema Baaba. "Mpe mama kiti, kisha umweleze."